Kupiga Picha za Ndege Kwenye Mwanga Hafifu Hapa Nairobi: Mwongozo Kamili

Wadau wa ndege, hii nimeiandika sababu picha mnazonionyesha zinaharibika kwa njia moja, karibu zote. Mtu ameamka mapema, amefika msitu wa Karura kabla watu wa mbio hawajajaa, amempata turako, yule ndege wa kijani wa msituni, kwa tawi mita nane mbele yake, amebonyeza, halafu akifika nyumbani kufungua picha anakuta kitu cha kijani hakina jicho wala manyoya, ukungu tu. Anaamua kamera yake ni mbovu. Anaanza kuulizia bei ya lenzi ya laki kadhaa.

Kamera haina shida. Shida ni kuogopa ISO, ile namba ya kuongeza uwezo wa kamera kuona gizani. Kuna mahali mtu aliambiwa ISO ikipita 800 picha imeharibika, basi anaikwamisha hapo, kamera inakosa mwanga, inashusha spidi ya shata (muda ambao mwanga unaingia, kwa sehemu ya sekunde) yenyewe mpaka 1/40, na ni ndege wachache sana wanakaa tuli kwa 1/40. Noizi, zile chembechembe, zinaweza kupunguzwa baadaye kwa kompyuta. Picha iliyotingika haina dawa. Shika hiyo kwanza sababu hatua zote hapa chini zinatoka hapo.

## Vitu vya kuwa navyo

Kamera ya kubadilisha lenzi. Hata ile ya zamani ya mtumba inatosha, bora iwe na ISO ya oto na ifike angalau 6400.

Lenzi ya kuanzia 300mm. Ya 70-300 inafanya kazi. Ya 300mm f/4 au 400mm f/5.6 ni tamu zaidi. Ukitaka kujaribu kubwa kama 150-600, uliza maduka ya kamera yenye kukodisha, usinunue kabla hujaibeba mlima mmoja wa Karura.

Mfuko wa maharagwe. Huu ndio mnadharau na ndio unaokoa picha nyingi. Fundi wa cherehani yeyote wa mtaani atakushonea kwa kitambaa cha jinzi, ukubwa wa mto mdogo, na zipu. Jaza maharagwe au mchele robo tatu hivi, usijaze pomoni sababu lenzi inatakiwa izame kidogo.

Monopodi, kama unatembea msituni. Tripodi ni sawa pia, lakini kwa njia nyembamba utachoka nayo.

Betri mbili, memori kadi yenye nafasi, kitambaa cha lenzi, mfuko wa plastiki wa mvua. Na begi la kawaida kabisa lisilopiga kelele kwamba ndani kuna kamera, maana utakuwa stejini alfajiri.

Darubini kama unayo. Kumtafuta ndege kwa lenzi ya 400 ni kazi ngumu, macho yanachoka kabla hujapiga hata moja.

Flashi iache nyumbani. Nitaeleza kwa hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kuchagua ndege

Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hivyo mapambazuko ni mafupi. Jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi, kutegemea mwezi, na kutoka giza mpaka mwangaza wa kuonea ni kama dakika ishirini tu. Jioni ni vilevile. Hiyo inamaanisha huna muda wa kuzungukazunguka ukitafuta. Uwe unajua tayari utasimama wapi.

Halafu elewa kitu kimoja kuhusu msitu. Ndani ya Karura chini ya miti mikubwa kunabaki giza hata saa mbili asubuhi, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mawingu yakikaa mji mzima, mwanga hafifu unakuwa wa siku nzima. Kwa hivyo tafuta mahali pana uwazi: kando ya mto, kwenye njia pana, mahali mti mkubwa umeanguka, au pale Lily Lake ambapo mbingu iko wazi na maji yanarudisha mwanga juu. Ukitoka chini ya miti ukahamia ukingo wa msitu mwanga unaweza kuongezeka mara mbili au mara nne, na hujalipia lenzi mpya.

Sehemu nyingine za kufanyia: Arboretum upande wa mto Kirichwa Kubwa (shika begi, kima wa pale wanafungua zipu vizuri tu), City Park, Oloolua kule Karen, na Nairobi National Park. Ukienda mbuga, malizia malipo kwa simu jana yake usije ukakaa getini jua likipanda, halafu nenda moja kwa moja bwawa la Nagolomon, ndege wa maji wanaanza kazi mapema na hakuna mti wa kukuzibia mwanga.

Wa kuanza kabisa afanyie nyumbani. Kwarara, wale wenye kelele wanaopita juu ya estate alfajiri, na njiwa wa kwa paa. Ndio mazoezi mazuri zaidi, hawalipishi na wako kila siku.

Tahadhari: angalia saa za kufungua na kufunga za pale unaenda, na usiende peke yako gizani. Wawili au watatu inatosha, kundi kubwa linafukuza ndege.

Utajua umefaulu: umefika, umekaa, na ndege wanarudi kuendelea na shughuli zao karibu na wewe.

## Hatua ya 2: Panga kamera kabla hujaingia

Kaa kwa gari au kwa benchi la getini ufanye hii, si wakati ndege ametua.

Weka RAW, ile faili ghafi ya kamera. Faili ya JPEG inabeba biti 8 kwa kila rangi, RAW ya kamera nyingi inabeba 12 au 14, na hiyo tofauti unaiona ukianza kuinua sehemu zenye giza. Kwa JPEG ukiinua kidogo tu rangi zinavunjika.

Weka modi M na ISO iwe ya oto. Hapo wewe unashika spidi ya shata na apacha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga), kamera inatafuta ISO. Kamera kadhaa za zamani zikiwa M na ISO ya oto zinakataa kile kitufe cha +/- cha kuongeza na kupunguza mwanga, kama yako ni hivyo tumia modi ya Tv (kwa wengine imeandikwa S). Unachagua spidi, na kwa giza kamera itafungua apacha yote yenyewe.

Washa fokasi ya kufuata: AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo au Servo kwa Canon. Washa kupiga kwa mfululizo. Zima ile taa ndogo ya mbele inayosaidia fokasi, inashtua ndege. Zima milio. White balance usijisumbue, RAW itakuruhusu kuibadilisha baadaye.

Kama lenzi ina kioo cha bei rahisi kilichofungwa mbele eti cha kulinda, kitoe. Na asubuhi za baridi ukiingiza lenzi iliyopoa kwa gari lenye joto inaweza kushika ukungu, iache ndani ya begi lililofungwa dakika kadhaa izoee.

## Hatua ya 3: Spidi ya shata kwanza, vingine vinafuata

Hapa ndipo wengi mnapotea, kwa hivyo twende polepole.

Kuna mitingishiko miwili tofauti. Wa kwanza ni wa mikono yako, na huu unapunguzwa na mfuko wa maharagwe na ile mashine ya kutuliza iliyo ndani ya lenzi. Wa pili ni wa ndege mwenyewe, anageuza kichwa, anapumua, anatikisa mkia. Huu wa pili hakuna lenzi inauzuia, ni spidi ya shata peke yake. Ndio maana mtu anakuja akilalamika "lenzi yangu ina kitulizaji mbona ndege ametoka ukungu?" Angalia tawi. Tawi likiwa na makali na ndege hana, ni ndege alitikisika. Vyote viwili vikiwa ukungu, ni wewe.

Namba za kuanzia:

- Ndege ametua, ametulia, na wewe umeegemea kitu: 1/125 mpaka 1/250.
- Ndege mdogo anarukaruka kwa matawi, kama chozi, yule mnyonya maua: 1/500.
- Ndege angani: 1/1000 kwenda juu. Ndani ya msitu alfajiri achana naye huyu, msubiri atue.

Bundi aliyelala mchana kwenye kivuli ni rahisi kuliko wote, ukiwa kwa tripodi hata 1/30 inaweza kukupa picha safi ukipiga nyingi.

Kama huna kitulizaji na unashika kwa mkono, sheria ya zamani bado inasaidia: gawa 1 kwa urefu wa lenzi, na kama kamera ni ya sensa ndogo (APS-C, sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) zidisha kwanza urefu huo na 1.5. Lenzi ya 400 hapo inakuwa 1/600. Kwa giza hiyo ni ghali sana, na ndio sababu ya kuegemea.

Tahadhari: usipande mpaka 1/1000 kwa ndege ambaye amekaa tu. Kila ukizidisha spidi mara mbili unapoteza nusu ya mwanga, na ISO itapanda kulipa hilo deni.

## Hatua ya 4: Fungua apacha yote

Hii ni fupi. Weka namba ndogo kabisa ya f ambayo lenzi inaruhusu. Kutoka f/8 kuja f/5.6 mwanga unakuwa mara mbili, f/5.6 kuja f/4 mara mbili tena.

Lenzi za zumu nyingi zinafunga apacha ukivuta mpaka mwisho. Ya 150-600 ukifika 600 unabaki na f/6.3. Ukirudisha nyuma kidogo unapata mwanga zaidi na pia mtingishiko unapungua, kwa hivyo kama unaweza kusogea karibu badala ya kuvuta, sogea. Na kile kipande cha kuongeza urefu wa lenzi kitoe: cha 1.4x kinakula stopu nzima, yaani nusu ya mwanga, cha 2x kinakula mbili, na fokasi inaanza kutangatanga.

Gharama yake ni hii: kwa 400mm f/5.6, ndege akiwa mita nane, sehemu yenye makali ni kama sentimita kumi hivi tu. Jicho likiwa safi mkia unaweza kuwa ukungu, na hiyo si makosa. Ukitaka mwili wote uwe na makali subiri ndege ageuke akae ubavu kwako.

## Hatua ya 5: Iache ISO ipande

Chukua asubuhi ya mawingu ndani ya Karura, kama saa moja hivi, chini ya miti. Kwa f/5.6 utakuta hali kama hii:

- ISO 100 inataka 1/8
- ISO 400 inataka 1/30
- ISO 800 inataka 1/60
- ISO 1600 inataka 1/125
- ISO 3200 inataka 1/250
- ISO 6400 inataka 1/500

Soma tena hiyo orodha. Yule wa kubaki 800 amejifungia kwa 1/60 na lenzi ya 400, na akitoka na picha ni bahati tu. Wa 3200 ana 1/250 na anarudi nyumbani na manyoya yanayohesabika. Ni kamera ileile, lenzi ileile, msitu uleule.

Weka kikomo cha ISO ya oto kulingana na kamera yako. Ya sensa ndogo, 6400 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ya sensa kubwa (full frame), 12800. Usiamini mtu akikupa namba ya kamera yako, hata mimi, jipimie. Piga njiwa yuleyule kwa 1600, 3200, 6400 na 12800, kisha uangalie picha kwa ukubwa ule utaitumia, kwa simu au kwa karatasi, si ukiwa umekuza mpaka pikseli zinaonekana. Wengi wanashangaa hapa.

Kuna ujanja ambao watu wanafikiri ni werevu: kushika ISO 800, kupiga picha iwe nyeusi, halafu kuinua mwanga kwa kompyuta. Kwa kamera nyingi chembechembe zinatoka sawa au mbaya zaidi kuliko kama ungepandisha ISO pale pale, hasa kwa vivuli, na juu ya hapo umepiga asubuhi nzima bila kuona vizuri kwa skrini kama umepata.

Noizi nyingi inakaa gizani mwa picha. Picha yenye mwanga wa kutosha kwa ISO 6400 inaweza kuonekana safi kuliko picha nyeusi ya ISO 3200 iliyoinuliwa. Kwa hivyo mwanga ujae, bila kuunguza sehemu nyeupe.

Utajua umefaulu: spidi haijashuka chini ya ile ulichagua, na kipimo cha mwanga hakipepesi kulalamika. Kikipepesa, ISO imegonga kikomo chake. Hapo una njia tatu tu: shusha spidi kidogo na ujitulize zaidi, hama uende penye mwanga, au ngoja dakika tano jua lipande.

## Hatua ya 6: Jitulize

Kwa gari mbugani: zima injini, kabisa, sababu mtetemo wake unapanda mpaka kwa lenzi. Laza mfuko wa maharagwe kwa dirisha, lenzi juu yake, mkono wa kushoto uweke juu ya lenzi ukiibonyeza chini kidogo. Waambie wenzako kwa gari watulie, mtu akigeuka kiti cha nyuma tu wewe unaiona kwa picha.

Kwa miguu: egemea mti kwa bega, viwiko vyote viwili vibane mbavu, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi na si ubavuni mwake. Au piga goti, kiwiko juu ya paja. Toa pumzi nusu, simama hapo, finya kitufe polepole. Usikigonge. Kukigonga kunashusha kamera yote na kwa 1/125 unaona mstari.

Ukiwa kwa tripodi na lenzi ni ya zamani, zima kitulizaji, zingine zinaanza kutafuta mtingishiko ambao haupo na kuutengeneza. Lenzi mpya nyingi zinajua zenyewe. Kwa monopodi kiache kikiwa kimewashwa.

Kamera za siku hizi zina shata ya kielektroniki isiyo na sauti, ni nzuri sana kwa ndege mwoga, lakini kwa kamera nyingi ndege akisonga haraka mabawa yanapinda. Itumie kwa aliyetua.

## Hatua ya 7: Fokasi kwa jicho, na kuhusu taa

Fokasi ya kamera inafanya kazi kwa kutafuta mahali giza na mwanga vinakutana. Gizani mikutano hiyo ni michache, ndio maana lenzi inaenda mbele na nyuma bila kushika. Isaidie. Tumia pointi moja, kwa kamera za kioo (DSLR) tumia ile ya katikati sababu ndio yenye nguvu. Ielekeze kwa ukingo: jicho dhidi ya uso, mdomo dhidi ya nyuma, mstari wa bawa. Kifua chenye rangi moja kitakutesa. Yule ndege mdogo mwenye kifua cha chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, anayeokota wadudu kwa majani makavu chini, ni wa kufanyia mazoezi haya, ule mstari wake mweupe fokasi inaushika hata kukiwa na giza.

Lenzi ikiwa na swichi ya kupunguza umbali wa kutafuta, itumie. Kama ndege hayuko karibu sana, lenzi haina haja ya kuanza kutafuta kutoka mita mbili.

Kamera mpya zenye kutambua jicho ni msaada mkubwa lakini gizani na kwa matawi mengi zinachanganyikiwa, zinashika jani. Ukiona hivyo rudi kwa pointi moja haraka.

Sasa flashi na tochi. Usimpige flashi ndege wa usiku, usimmulike bundi na tochi kali, na usiende na taa karibu na kiota kamwe. Ndege aliyekatizwa kwa kiota anaweza kuacha mayai yapoe, au kunguru wakaona mahali ametoka. Pia usicheze sauti za ndege kwa simu ili waje karibu, hasa wakati wa kutaga, anaacha kulisha makinda akidhani kuna mpinzani. Hakuna picha inalipa hiyo. Naisema kwa ukali sababu naona inaanza kuzoeleka.

## Hatua ya 8: Sahihisha mwanga kulingana na kilicho nyuma

Kamera haijui unapiga ndege. Inapima fremu yote na kujaribu kuifanya iwe kijivu cha katikati. Kwa hivyo inadanganyika kwa njia mbili na zote mbili ni za kila siku hapa kwetu.

Ndege dhidi ya mbingu nyeupe. Hondohondo juu ya mti, marabou kwenye miti ya Mombasa Road, kwarara kwa nguzo ya stima. Kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, ndege anatoka mweusi tititi. Ongeza +1 mpaka +2 kwa kile kitufe cha +/-. Mbingu itaungua, iache iungue.

Ndege angavu dhidi ya msitu mweusi. Kamera inaona giza inaongeza mwanga, manyoya meupe yanaungua na yakiungua hayarudi. Punguza -0.7 mpaka -1. Na faida yake ni kwamba ISO inashuka pia.

Kuna wa tatu, ndege mweusi ndani ya msitu mweusi. Hapo kaa 0.

Washa ile alama ya sehemu zilizoungua kupepesa kwa skrini. Piga moja, angalia, rekebisha, endelea. Usiamini mwangaza wa skrini yenyewe, alfajiri macho yako yamezoea giza na kila picha inaonekana iko sawa. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga yenye giza kushoto na mwanga kulia: mlima usijibanze wote kushoto, na kulia usigonge ukuta.

Jioni mwanga ukiisha kabisa, acha kupigana nao. Mgeuze ndege awe kivuli. Marabou kwenye mti mkavu mbingu ikiwa ya chungwa, pima mwanga wa mbingu, punguza -1, unapata picha kwa ISO 800 au chini wakati wenzako wameshafunga begi. Ukiwa barabarani hapo town, mmoja apige mwingine alinde, na askari akiuliza mwonyeshe skrini kwa heshima, mara nyingi yanaisha hapo.

## Hatua ya 9: Wakati wa kufinya

Ndege hatingishiki wakati wote. Anaruka, anatua, anatulia nukta moja, anageuza kichwa, anatulia tena. Kwa mwanga hafifu picha yako iko kwa zile sekunde za kutulia. Mwangalie kwanza bila kupiga, utaona mpangilio wake. Yule mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu anayekamata wadudu hewani ana tawi au mawili anarudia, anatoka anarudi, anatoka anarudi. Weka fokasi kwa tawi umngoje.

Akitua piga mfululizo wa picha tano mpaka kumi, si moja. Kidole kikifinya mara ya kwanza kinatikisa kamera, picha ya tatu au ya nne ndio mara nyingi inatulia. Halafu acha, angalia, piga tena. Kushikilia mpaka kadi ijae hakusaidii, kamera itakwama ikiandika faili wakati ndege anafungua mabawa, na kama ni turako utakosa ule wekundu wa mabawa uliokuwa umeufuata.

Ukishapata picha salama kwa 1/250, sasa cheza. Shuka 1/125, piga kumi. Shuka 1/60, piga ishirini. Nyingi zitaharibika, lakini ile moja itakayotulia itakuwa na ISO ya chini na rangi tamu. Usianzie huko, anza na salama.

Utajua umefaulu: kuza picha kwa skrini mpaka jicho lijae. Ukiona kijimwanga ndani ya jicho chenye ukingo, na manyoya yanayozunguka jicho yanatengana, umepata.

## Hatua ya 10: Kwa kompyuta

Kwanza chagua. Futa zote zilizotingika bila huruma, hazitarekebishika hata ufanye nini.

Zilizobaki, fuata mpangilio huu: rekebisha mwanga, rekebisha rangi (msituni kila kitu kinashika ukijani kidogo), ondoa noizi, mwisho kabisa ongeza makali. Ukiongeza makali kabla ya kuondoa noizi unazipa makali chembechembe zenyewe. Kuna hali moja ya kuangalia: kama programu yako ya kuondoa noizi inafanya kazi kwa RAW moja kwa moja, kama kile kitufe cha AI ambacho Lightroom ilileta 2023, anza nayo.

Huna pesa ya kulipia programu kila mwezi? darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua RAW za kamera nyingi. Zinataka uvumilivu wiki ya kwanza.

Ondoa noizi ya rangi yote, zile doa nyekundu na kijani. Ile ya kijivu iache kidogo. Ukiisugua yote manyoya yanakuwa plastiki, na hilo ni kosa baya kuliko noizi yenyewe. Kama programu inaruhusu, safisha nyuma sana na ndege kidogo.

Kata picha mwisho, na usikate sana. Ukikata mpaka ibaki robo, chembechembe zinakuzwa nayo.

## Hatua ya 11: Kabla ya kuituma popote

Kama ni bundi, kiota, au tai mwenye taji aliye na kinda, futa data ya mahali ndani ya faili kabla ya kuituma, haswa kama umeihamishia kwa simu, na usitaje mti wala njia. Andika "Nairobi" inatosha. Bundi hasa: kuna majirani wengi bado wanaamini ni mkosi na wanamrushia mawe, kwa hivyo ukitaja anakolala unaweza kuwa umemwonyesha mtu wa mawe njia. Na hata wapiga picha wenyewe, wakijaa chini ya mti mmoja kila Jumamosi, ndege anahama.

Mtu akikuuliza inbox ni wapi, na humjui, mwambie tu ajiunge na zile matembezi ya asubuhi ya Jumatano za shirika la Nature Kenya, atawaona ndege wengi na atafundishwa jinsi ya kuwakaribia.